Naomba ushauri: ripoti ya mtaalamu imekwamisha malalamiko ya jinai kuhusu kifo cha dada yangu

Wakuu, habari zenu. Dada yangu alifariki baada ya upasuaji, tukafungua malalamiko ya jinai. Jalada likapelekwa kwa daktari wa uchunguzi wa vifo, na majibu yake yametuacha njia panda: anakiri huduma ilikuwa chini ya kiwango, ila hawezi kuthibitisha kwamba marehemu angepona kama angehudumiwa ipasavyo.

Naelewa jinai si sawa na madai. Lazima ithibitishwe bila kuacha shaka yoyote ya maana, na uzembe uwe wa kupindukia. Uingereza, mwaka 1994, kesi ya Adomako ilisimamia hapo hapo kwenye uzembe wa kupindukia: daktari wa usingizi hakugundua kuwa mrija wa hewa wa mgonjwa umechomoka.

Kinachoniuma ni karatasi ya usingizi. Presha na oksijeni zimeandikwa kila baada ya dakika 5, kisha pakaachwa wazi, halafu zikaendelea kwa wino tofauti. Ripoti haikugusa jambo hilo hata kwa mstari mmoja!

Je, tunaweza kumwomba mpelelezi ampelekee mtaalamu maswali ya ziada, au tudai jopo lenye daktari bingwa wa usingizi? Maana anayepasua maiti hawezi peke yake kupima kazi ya usingizi, kwa maoni yangu. Na vipande vya tishu vilivyohifadhiwa, tunazuiaje visitupwe kabla ya uchunguzi wa pili? Aliyewahi kupitia hili, tafadhali anielekeze.