Kampuni imekata uwanja wa watoto ikatengeneza viwanja vya kuuza, sisi tunapewa bonde la mto ndio liitwe eneo la wazi

Wakuu salama,

Naandika nikiwa na hasira na nitarefusha kidogo, ila wengi humu mnanunua viwanja vya hizi kampuni huku pembezoni mwa Dar kwa kulipa kidogo kidogo, inabidi mjue kinachofanyika kwenye ramani wakati nyie mnahangaika na marejesho.

Iko hivi. Ramani ya kwanza ya mradi wetu, ile ya kwenye brosha na ndio hiyohiyo waliyokuwa wanaitandaza juu ya boneti saiti, ilikuwa na eneo kubwa la kijani katikati kabisa, jirani na eneo la shule na zahanati. Watu walichagua viwanja kwa kuliangalia lile eneo, na wa karibu nalo wakalipishwa zaidi kwa kila skwea mita kwa sababu hiyohiyo. Leo ramani imefanyiwa marekebisho, pale katikati pamekatwa viwanja vya makazi, bikoni (zile alama za mipaka) zishapandwa, na ile rangi ya kijani imehamishiwa chini kabisa kando ya mto. Ukiuliza unaambiwa asilimia ya maeneo ya wazi iko palepale, hakuna kilichopungua.

Kimepungua! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yaani kile kipande hawakuwa na uwezo wa kukiuza kwa mtu yeyote kama kiwanja cha kujenga tangu siku ya kwanza. Sasa wanachukua ardhi ambayo sheria ilishawazuia, wanaihesabu kama mchango wao kwa jamii, halafu ile ardhi nzuri ya tambarare iliyotakiwa kuwa ya wote wanaiuza. Sio kubadilishana huko, wanachukua bila kutoa chochote.

Na mvua ya masika ikianza nani atampeleka mtoto kule? Mji huu tulishaona Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilivyofanya, watu walikufa na waliobaki wakahamishiwa Mabwepande. Hakuna mzazi mwenye akili atamwachia mtoto wa miaka sita ashuke mwenyewe bondeni akacheze, tena kwenye njia ambayo haina taa wala nyumba inayopaona.

Twende kwenye hela maana ndio kiini. Uwanja wa mpira wa kawaida ni mita 105 kwa 68, ambayo ni skwea mita 7,140. Ukikata viwanja vya skwea mita 400 unapata 17 na kipande kinabaki. Chukulia tu bei ni shilingi 25,000 kwa skwea mita, eneo lote linakuwa na thamani ya milioni 178 na nusu. Hiyo ni sehemu moja ya kuchezea mpira, bado hujaweka miti, bembea wala benchi la wazee. Ndio maana wanang'ang'ana hivi, na ndio maana ofa zao zote kwenye mazungumzo ni za vitu vya bei rahisi. Mara watapanda miti kule chini, mara wataweka bembea, mara watatuachia robo ya eneo la zamani kama tukisaini kwamba tumeridhika. Kikao cha mwisho wakaja na kubwa zaidi, kwamba watatoa hela kwa serikali ya mtaa "ya maendeleo" badala ya ardhi. Hela itaisha, na tukimaliza kuitumia hatutapata tena pa kununua uwanja katikati ya nyumba za watu.

Kinachoniuma zaidi ni namna wanavyotugawa. Wanapitisha maneno kwamba tukiendelea kupinga mchoro utarudi kwa mipango miji na hati zitachelewa. Kuna watu wamekopa kwa ajili ya hivi viwanja, wanasubiri hati wakachukue mkopo wa kujenga, unategemea waseme nini? Siwalaumu majirani zangu hata kidogo. Namlaumu anayetumia shida ya mtu kumnyamazisha.

Kwenye grupu kuna mmoja aliandika kwamba bustani ni mambo ya Masaki kwa matajiri, sisi tupambane na maji na barabara kwanza. Kaka yangu, maji na barabara vinaweza kuja hata baada ya miaka kumi, ardhi ikishajengwa hairudi. Bustani ya Mnazi Mmoja ipo mpaka leo pale katikati ya Kariakoo na Posta kwa sababu ilitengwa na haikukatwa viwanja. Nairobi mwaka 1989 walitaka kusimamisha ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akapiga kelele, akatukanwa mpaka bungeni, na jengo halikujengwa. Sasa hivi huku kwetu watoto wanachezea barabarani na bodaboda zinapita katikati yao, na mtu akifiwa turubai linafungwa njiani, gari ya mgonjwa haipiti. Dar ilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022 na wote wanasukumwa huku tuliko, wataenda wapi?

Tunachotaka sisi sio kikubwa. Eneo la katikati lirudishwe kama lilivyokuwa, lipimwe kwa namba yake, lisajiliwe kwa jina la halmashauri kama eneo la wazi kabla kampuni haijauza kiwanja kingine hata kimoja, na bonde libaki bonde, lisihesabiwe kwenye asilimia ya mtu.

Naomba msaada kwa wapima na maafisa mipango miji mliomo humu. Mchoro ukisharekebishwa hivi lakini viwanja vipya havijauzwa bado, pingamizi tunaliandika kwa mkurugenzi wa halmashauri au tuende moja kwa moja kwa kamishna msaidizi wa ardhi wa mkoa? Brosha na risiti zenye ramani ya zamani zinatosha kama ushahidi? Na kama kuna mtaa wowote ulishafanikiwa kurudisha eneo lake kutoka kwa kampuni, tafadhali elezeni mlianzia wapi, tuna kikao nao Jumamosi hii.