Tupeane uzoefu: dhahabu ilipotoka kijijini kwenu, nani alinufaika?

Habari zenu wakuu. Wenye ndugu au mashamba Geita, Kahama na Chunya wanajua rashi inavyokuja, yaani watu kumiminika dhahabu ikionekana. Msimu huu pamba na mahindi, msimu ujao maturubai kila kona, karasha za kusaga mawe zinaunguruma usiku kucha na kodi ya chumba imepaa. Tuelezane yaliyotupata. Mimi naamini kiini cha yote ni mgao wa mawe yenye dhahabu.

Kwetu ilitoka shambani kwa baba. Leseni ya kuchimba ilikuwa ya mtu mwingine, maana leseni na shamba ni vitu viwili. Mzee akagoma duara, yaani shimo la kuchimbia, lisifunguliwe mpaka waandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mawe yakitoka, viroba vinapangwa chini: vya mwenye leseni, vya mwenye duara na vijana wake, vya mwenye shamba. Kila mgao mzee alikwenda mwenyewe, kwa sababu asiyekuwepo huwekewa viroba vya kifusi. Wadogo zangu wamesoma kwa hela hiyo. Jirani yetu alichukua hela ya mkupuo akahama, na shamba lake leo ni mashimo matupu, hata mbuzi huwezi kumfunga pale.

Mama wa Mwaloni
Hongera kwa mzee. Sisi wanawake kwenye mgao huo hatumo. Tunaponda mawe, tunaosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, tunauza chakula kwa mkopo, na duara likigoma kutoa dhahabu deni limekufa. Hata hivyo kazi hii imenisomeshea watoto, siwezi kuitukana.

Kinachoniuma ni zebaki. Inapimwa kwa kifuniko cha soda, inachanganywa na mchanga kwenye beseni kwa mikono mitupu ili inase dhahabu, inakamuliwa kwenye kitambaa mpaka kibaki kidonge cheupe. Kisha kidonge kinachomwa kwenye jiko la mkaa, watoto wamekaa palepale. Mvuke wake hauonekani, ndiyo maana watu wanaudharau, kumbe unashambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni haponi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, lakini huku mwaloni tunakooshea dhahabu kifaa cha kunasia mvuke anacho nani? Mimi sikubali tena kichomwe karibu na nyumba yangu.

Mwalimu wa Msingi
Rashi ikitokea, darasa la sita na la saba ndiyo yanapukutika. Mtoto akiokota mawe analipwa siku hiyohiyo, utamwambia nini kuhusu mtihani wa mwakani? Kilichotusaidia ni uji. Wenye maduara walichangia unga, baadhi wakarudi. Wasichana waliokwenda kufanya kazi kwenye vibanda vya pombe hatukuwapata.

Nyundo na Moko
Mimi nashuka duarani. Hatuna mshahara, tuna fungu. Mfadhili analeta chakula, matimba (magogo ya kuzuia duara lisiporomoke) na mafuta ya pampu, na vyote vinakatwa kabla hatujaona kitu. Miezi inaweza kupita mnachimba mwamba mtupu, na vumbi linabaki kifuani.

Masoko ya madini yalipoanza 2019 tulishukuru. Awali broka ndiye alikuwa mwenye mzani na mwenye bei. Mwaka huohuo VAT ya 18% na kodi ya zuio ya 5% zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo. Lakini anayefika sokoni ni bosi. Sisi fungu letu tunamuuzia aliyetukopesha, kwa bei anayotaka yeye.

Mgeni Jukwaani
Kwetu wameanza kupita watu na mashine za kutafutia dhahabu. Tuanzie wapi?

Mleta mada
Nendeni ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa mkaulize kama eneo lina leseni, na ya nani. Sheria ya Madini ya 2010 inataka ridhaa ya maandishi ya mwenye shamba kabla ya kuchimba palipolimwa. Andikeni viroba vingapi ni vyenu na nani atafukia mashimo. Mama naye asaini, shamba ni la familia.