Naomba ushauri: mama anachoka sana tangu aanze kemo

Habari zenu wapendwa. Niko Nyalenda, Kisumu. Mama yangu ana saratani ya matiti na amemaliza awamu ya nne ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Anapewa kila baada ya siku 21. Kinachotutesa sasa ni uchovu, tena si ule wa kulala ukaamka umepoa. Anafagia nusu ya ua, anakaa chini na ufagio mkononi, siku imeisha. Huyu ndiye mama aliyekuwa akitoka ufuo wa Dunga na omena alfajiri, akafika soko la Kibuye kabla ya wenzake!

Nimesoma kwamba kemo huvuruga bakteria wazuri wa utumbo, na watafiti wanachunguza kama hilo linachangia uchovu. Shangazi kusikia hivyo akaleta mursik, maziwa ya kuchachushwa kwenye kibuyu, kutoka Nandi. Nimeikataa, naye amenuna. Lakini kipimo cha mwisho kilionyesha chembe nyeupe za damu zimeshuka, na maziwa yasiyochemshwa yanaweza kumletea maambukizi mtu ambaye kinga yake iko chini. Sitaki kubahatisha na mama.

Mliouguza mgonjwa wa kemo, daktari aliwaruhusu mala (maziwa ya mtindi) ya dukani? Uji wa wimbi, maharagwe na osuga (mboga ya mnavu) vilikaa tumboni bila kuharisha? Muuguzi amesema atembee kidogo jioni, nasi tunafika hadi kwa jirani na kurudi.

Kliniki ni Jumanne. Mbali na upungufu wa damu, niombe wampime nini kingine? Tafadhali nisaidieni.