IST ishapita kilomita 241,000: flashi na oili nzito, oili nyepesi kila 5,000, au nitie injini nyengine?

Fuoni_IST
Assalamu alaikum. Nina Toyota IST, injini ya petroli 1NZ, mita inasoma 241,000, na hiyo ni kwa kuamini kuwa haikurudishwa nyuma kabla gari haijapandishwa meli. Kazi yake wageni, uwanja wa ndege mpaka Nungwi, siku nyengine Paje, na katikati hapo foleni ya Darajani na Mwanakwerekwe imesimama inaunguruma tu. Haijawahi kunichemshia na moshi siuoni, ila asubuhi nikiwasha kuna kijikelele kama cha mnyororo, sekunde mbili hivi kisha kinanyamaza, na oili inashuka, kila nikichomoa stiki naikuta chini kuliko nilivyoiacha. Sasa mie sitaki kungoja mpaka iniangushe Mahonda na mgeni ana ndege.

Nimeuliza nimepewa njia tatu. Moja nipige flashi, ile dawa ya kuosha injini ndani, kisha nitie oili nzito ya 20W-50. Ya pili nibakie na oili nyepesi, 5W-30 ya sinthetiki, lakini nimwage kila kilomita 5,000 bila kuchelewa. Ya tatu niache kupoteza pesa, ninunue injini ya mtumba ya Japani nifunge. Wenye gari zilizokwenda sana nyie mnafanyaje?

Mkwajuni_Hiace
Waalaikum salaam. Mie nzito miaka yote. Hiace dizeli, 3L, ishapita laki nne na kila siku ipo barabarani Mkwajuni mjini, injini haijafunguliwa. Oili nyepesi kwa joto la huku naiona kama maji. Tia 20W-50 na kelele itapungua.

FundiChake
Sheikh Mkwajuni nakuheshimu na gari yako naiamini, lakini 3L ni dizeli ya zamani na 1NZ ni kitu chengine kabisa. 1NZ ina VVT-i, mtambo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, ile inaendeshwa na presha ya oili, na oili yake inapita kwenye kijiwavu chembamba kama cha chujio la chai. Kile kinachokaza cheni ya taimingi nacho kinasukumwa na oili hiyohiyo. Ukitia nzito, asubuhi inapanda polepole, cheni inakaa sekunde zaidi haijakazwa na ndio inajigonga. Kwa hiyo ndugu wa Fuoni, kelele yako ya asubuhi 20W-50 inaweza kuiongeza badala ya kuiondoa.

Watu husema huku hakuna baridi, namba ya W haina kazi. Namba ya mwanzo ni oili ikiwa haijapata moto, ya pili ni oili kwenye nyuzi 100. Asubuhi ya Chake nyuzi 25 kwako wewe ni joto, kwa injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 90 hiyo ni baridi tupu.

Flashi mie nimeacha kuwapigia watu gari zilizokwenda sana. Iliniuma moja, ilikuja Probox hapa, mwenyewe kaitunza kwa macho tu, nje inang'aa, oili alikuwa anaongeza hamwagi. Alipiga flashi sehemu nyengine, akaendesha siku tatu, akaniletea imenoki. Nilipoishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, chujio la chini linalovuta oili limezibwa na vipande vyeusi, vimeganda kama halua iliyokaa wiki, unavikwangua kwa bisibisi. Vile vipande vilikuwa juu kwenye kofia ya valvu, vimekaa miaka havimdhuru mtu, flashi ikavibandua vyote kwa mpigo na pampu ikakosa cha kuvuta. Beringi zikakaukiwa.

Fanya hivi kwanza, haina gharama. Fungua kifuniko cha kutilia oili, mulika na tochi ya simu. Ukiona chuma chenye rangi ya chai, injini yako safi, flashi ya nini? Ukiona matope meusi, mwaga oili kwa kilomita 2,000 na filta mpya, halafu 2,000 tena, oili mpya inaosha yenyewe taratibu. Lita 3.7 pamoja na filta ndio inayoingia kwenye 1NZ, sio nyingi.

Fuoni_IST
Nimemulika sasa hivi, rangi ya chai iliyokolea, matope hamna. Alhamdulillahi. Lakini oili inakwenda wapi basi, chini ya gari naona kavu.

FundiChake
Hapo usiseme "inashuka", pima. Gari isimame pahala tambarare, injini ipoe dakika kumi, jaza mpaka alama ya juu kabisa, andika mita. Ukifika kilomita 1,000 jaza tena mpaka palepale kwa chupa yenye alama uone umetia kiasi gani. Halafu chomoa valvu ya PCV, ile inayopumulisha injini, uitikise sikioni, ikiwa nzima inalia tik tik, ikiwa bubu imeziba, na ikiziba presha inajaa ndani ya injini inasukuma oili kwenye sili au inaipeleka ikaungue. Ni kitu kidogo, spea yake rahisi, na watu wanafungua injini nzima kwa sababu yake.

Na usingojee taa nyekundu ya oili jamani. Ile taa haikwambii oili imepungua, inakwambia presha haipo. Ikiwaka ukiwa mwendoni, simama pembeni uzime palepale.

Alphard_Mombasa_Road
Naunga mkono kupima. Nina Alphard ya 2AZ, hizi zina historia, Marekani Toyota yenyewe ilikubali kuwa baadhi ya Camry za 2AZ zinakula oili kwa sababu ya pistoni na ringi, na kipimo walichoweka ni kama lita moja kwa kilomita 1,900 hivi, ukizidi hapo walikuwa wanakubadilishia. Yangu ilikuwa inakula karibu hiyohiyo. Nikahama 5W-30 nikaenda 5W-40, sio 20W-50, ikapungua kidogo, na nakagua stiki kila Ijumaa kabla ya sala. Mwaka wa pili huu haijaniangusha.

UmmuRayyan_Wete
Nyote mnazungumza oili, na mie iliyoniulia injini ilikuwa maji. Raum, nilinunua inakwenda vizuri sana. Gereji moja walinitolea tamostati, wakasema huku joto haihitajiki, na kulanti wakamwaga wakatia maji ya bomba. Nikakubali, nilikuwa sijui. Miezi ikapita, mafuta yakawa yanaisha haraka na mie sielewi kwa nini. Halafu siku nimewachukua wanangu skuli, nipo kile kilima cha kuingia mjini, mshale ukapanda ghafla na mvuke ukatoka kwenye boneti, watoto wakaanza kulia. Gasketi ya hedi imekwenda na hedi yenyewe imepinda. Fundi aliyeifungua alinionesha njia za maji ndani, zina ukoko mweupe mgumu, mithili ya birika la nyumbani. Si ndio maji yetu haya? Visiwani kwetu jiwe la chokaa lipo. Birika tunalisugua kwa ndimu, injini nani anaisugua?

Kaka wa Fuoni nakuomba kabla hujanunua oili ya aina yoyote, fungua rejeta injini ikiwa ya baridi uangalie kuna nini.

FundiChake
Dada Ummu Rayyan pole sana, na umesema la maana kuliko yangu yote. Huku Pemba na vilima hivi, Mkoani mpaka Chake, gari nyingi ninazofungua zimekufa kwa joto, za kufa kwa oili ni chache. Tamostati ya 1NZ inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kabla ya hapo inazuia maji ili injini ipate moto haraka. Ukiitoa injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inadhani bado ndio imewashwa inazidisha petroli, na petroli ile inashuka kuchanganyika na oili. Ndio maana mafuta yako yalikuwa yanaisha.

Kulanti nayo, sisi hatuhitaji isigande, tunahitaji dawa yake ya kutu na isichemke mapema. Kofia ya rejeta pia mnaidharau, ile inashika presha ndio inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Ukiona mpira wake umepasuka, badili leo. Kama lazima uchanganye mwenyewe tumia maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, usitie ya kisima.

Bububu_Probox
Mie nitajibu la injini ya mtumba kwa sababu nilipita huko. Nilifunga 1NZ ya mtumba, nikaambiwa imekwenda kidogo, karatasi sikuiona wala hakuna njia ya kujua. Ilikuwa nzima kweli, sikatai, lakini baada ya miezi mitatu sili ya nyuma ya krenki ikaanza kuvuja, ikabidi giaboksi ishuke tena nikalipa ufundi mara mbili. Ikiwa mtu anafunga, basi sili zote, wota pampu, plagi na tamostati zibadilishwe injini ikiwa bado iko chini. Lakini kwa gari isiyochemsha na isiyotoa moshi kama yako, unaitoa injini unayoijua unatia usiyoijua. Mie nisingefanya.

Mkwajuni_Hiace
Nimesoma yote. Kwa petroli za VVT-i nakubali, nimejifunza. Lakini na mie nina suala, hii 3L yangu taa ya T-BELT iliwaka muda, nikaitoa glopu kwa sababu gari haina shida.

FundiChake
Sheikh, tafadhali kesho usiitoe gari. Ile taa inawaka kila kilomita 100,000 kukumbusha belti ya taimingi. IST ina cheni, yako ina belti ya mpira, na ikikatika kwenye dizeli hiyo pistoni na valvu zinagongana, hapo hakuna oili ya kukuokoa. Badilisha belti na beringi yake pamoja, abiria kumi na nne wapo nyuma yako.

Mkwajuni_Hiace
Nimekuelewa. Napiga simu ya fundi usiku huu.

Fuoni_IST
Wiki tatu zimepita narudi na majibu. Rejeta nilikuta maji ya rangi ya kutu, nimeyamwaga, nimeosha mara mbili na maji ya betri mpaka yakatoka meupe, nimetia kulanti nyekundu na kofia mpya. Tamostati ipo, namshukuru Mungu. PCV ilikuwa bubu kabisa, nimetia nyengine. 5W-30 na filta. Nimetembea kilomita 1,040, nimeongeza robo lita tu, zamani sikuwa nikipima lakini najua ilikuwa zaidi. Kijikelele cha asubuhi bado kipo ila kifupi. Fundi wa hapa kaniambia tukimwaga tena kwenye 5,000 tufungue ule wavu wa VVT-i tuusafishe, tuone kama kitaondoka au ndio cheni yenyewe imerefuka.

UmmuRayyan_Wete
Mashaallah. Kofia ya zamani usiitie tena kwa bahati mbaya, itupe.