Nizwa kwa siku moja kutoka Muscat

Wakuu, niko Muscat, Oman, kikazi. Ijumaa nataka kwenda mji wa Nizwa na kurudi siku hiyohiyo. Gari dogo la kukodi linatosha? Na mlima wa Jabal Akhdar je?

Jibu: Kwa Nizwa linatosha kabisa. Ni kama kilomita 160, lami mwanzo mwisho. Ondoka saa 10:30 alfajiri, maana mnada wa mbuzi unaanza kuchangamka saa 1 asubuhi na kufika saa 3 umekwisha. Wauzaji wanazungusha mifugo kwenye duara, wanunuzi wanawasimamisha na kukagua meno. Usisimame njiani kupiga picha, utapigwa kikumbo na beberu. Kutoka hapo nenda ngomeni moja kwa moja. Mchana maduka hufungwa kwa sala, mengi hadi alasiri.

Jibu: Ngazi za mnara wa hiyo ngome, wa karne ya 17, zina kona, na juu ya milango kuna matundu: adui alimwagiwa asali ya tende iliyochemka. Vaa nguo za heshima.

Jibu: Jabal Akhdar sahau na hilo gari, mkuu. Pale Birkat al Mouz, kijiji cha chini ya mlima, polisi hawaruhusu gari lisilo 4x4. Tatizo ni kushuka: ukikanyaga breki muda wote zinachemka na kuacha kushika. Hata ukiwa na 4x4, shuka na gia ndogo. Ila kwa siku moja, mimi ningechagua Misfat al Abriyeen, kijiji cha kale cha mlimani.