Nimepigwa changa la macho la hologramu: jengo limepinda, wao wanasingizia balbu yangu

Wakuu, habari za majukumu. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mnivumilie. Mods, msiuhamishie uzi huu jukwaa la picha. Hapa ni biashara na hela imeshatoka.

Nina kiofisi cha kuchapa mabango. Mteja wangu anauza nyumba za ghorofa, akataka banda lake la Sabasaba liwe na kitu ambacho majirani hawana. Nikamshauri hologramu. Sio zile stika za kung'aa za kwenye boksi la simu, hapana. Hii ni filamu, yaani karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye ubao, kimo sentimita 60 na upana 40. Ukiimulika, jengo zima linasimama hewani, nusu nyuma ya ubao, nusu mbele yake, ukisogea pembeni unaona ubavu wake. Hapa mjini sikumpata wa kuichapa, nikaagiza kwa wachapaji wa Ulaya. Milioni nne na laki sita pamoja na usafiri na ushuru, na sehemu ya hiyo hela ni ya kwangu mwenyewe.

Mzigo umefika Jumanne. Tukautundika, tukazima taa zote tukabakiza moja. Jengo limepinda kama ndizi! Baraza ya mbele ilitakiwa itokeze sentimita 30. Nilimwambia kijana wangu ashike kalamu hewani pale ncha ya baraza inapoonekana, nikapima kwa rula: 37. Huko nyuma, bwawa na maegesho vimebanwa kama abiria wa daladala. Nguzo ambazo kwenye faili langu zimenyooka, hapa zimelegea. Kitu pekee kilichobaki sawa ni ule ukuta ulio usawa wa filamu yenyewe.

Nikawaandikia wale wachapaji. Jibu lao mstari mmoja: taa yako siyo sahihi.

Taa yangu siyo sahihi vipi? Sikutumia tyubulaiti, najua ingeleta ukungu. Ni LED moja ndogo yenye mwanga mkali, iko mita 1.5 kutoka katikati ya filamu, inamulika kutoka juu kwa nyuzi 45. Na vipimo hivyo sikuvitoa kichwani. Fomu YAO ndiyo iliyouliza taa itakaa umbali gani na kwa nyuzi ngapi. Nikajaza 1.5 na 45. Nakala ninayo.

Kwa wasioifahamu kazi hii: ile filamu haina picha moja. Imegawanywa vidoa vya milimita 0.8, piga hesabu utapata vidoa 375,000, na kila kimoja kimechapwa kwa leza nyekundu, kijani na bluu kikabebeshwa picha yake peke yake. Kila kidoa kinataka mwanga urudi kwa pembe ileile ya siku kilipochapwa. Sasa taa ikiwa karibu, pembe hazilingani. Kwangu mimi, ukingo wa juu mwanga unagonga kwa nyuzi kama 36, wa chini 52. Kila kidoa kinatupa miale pasipo pake, na kadiri kitu kilivyo mbali na filamu ndivyo kinavyoharibika zaidi. Dawa yake ni ya siku nyingi: kabla ya kuchapa, kompyuta inazipinda picha makusudi upande wa pili, ili taa ikija kuzipinda ziwe zimenyooka. Ndiyo maana wanauliza umbali wa taa! Waliuliza, nikajibu, wakaweka kapuni.

Nimejuaje? Jumatano asubuhi tuliubeba ubao hadi kwa jirani yangu fundi magari, kwenye kiwanja cha wazi. Jua liko mbali mno, miale yake inafika sambamba. Nikasimamisha rula wima juu ya ubao, tukawa tunauinamisha taratibu mpaka kivuli cha rula kikalingana na rula yenyewe. Hapo ndipo nyuzi 45. Wakuu, jengo likanyooka mbele ya macho yetu. Nguzo wima, baraza sentimita 30 kamili. Fundi aliacha injini akaja kujaribu kushika balkoni, mkono wake wenye grisi ukashika hewa tupu. Mama ntilie akauliza chumba kimoja shilingi ngapi.

Maana yake walichapa kana kwamba banda la mteja wangu litamulikwa na jua.

Nikawatumia video. Kimya siku mbili. Halafu wanaleta mambo mawili: ama nisogeze taa hadi mita sita, ama wachape upya kwa nusu bei. Dari la banda lina mita tatu, hiyo taa niitundike kwa jirani? Na nusu bei ya kosa la nani?

Kinachoniuma zaidi, Dennis Gabor alipobuni hologramu mwaka 1947 alikuwa anatafuta namna ya kurekebisha kasoro za lenzi za hadubini ya elektroni. Yaani kitu chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya kunyoosha picha, na mwaka 1971 akapewa Nobeli. Leo mtu ana mashine ya leza tatu anashindwa kuingiza namba moja niliyomwandikia kwenye fomu.

Mteja anakuja Jumatatu kuangalia, na mpaka sasa nimemwambia tu "mzigo umefika".

Naomba mawili. Aliyewahi kudai hela irudishwe kupitia benki baada ya kulipa kwa kadi nje ya nchi anieleze alianzia dirisha gani. La pili, natafuta ile lenzi bapa yenye mistari ya duara inayokaa nyuma ya kioo cha televisheni kubwa za projekta za zamani. Nikiiweka mbele ya taa kwa umbali wake, miale itatoka sambamba kama ya jua. Mwenye TV ya hivyo, hata iwe imekufa miaka kumi, aje inboksi. Naifuata leo hii na bodaboda.