Tupeane uzoefu: GPS gani inafaa kwa boti ndogo ya matembezi, Mtwara na Lindi?

Kolekole wa Shangani
Wakuu, habari za kusi. Nina boti ya faiba ya mita 5, injini ya farasi 40. Si ya biashara. Jumamosi nachukua familia na shemeji yangu, tunakwenda Msimbati, watoto wanaogelea, tunachoma samaki, tunarudi. Siku zote nimetumia simu yenye ramani niliyoipakua nyumbani, maana setilaiti zinazoiambia simu iko wapi hazihitaji mtandao wa simu.

Wiki iliyopita tulichelewa kuondoka. Simu ilikuwa juu ya kiti juani tangu saa nane. Nilipoishika ilikuwa ya moto kama kikaango, ikaandika imezidiwa na joto, ikazima. Saa kumi na mbili na nusu giza limeshika, maji yanakupwa, nasikia mawimbi yakivunjika kwenye mwamba mkono wa kushoto na siuoni. Shemeji kasimama omo, mbele ya boti, na tochi ya simu yake, haimuliki hata mita kumi. Ametuokoa mzee mmoja wa ngalawa, tukamfuata nyuma kama bata mpaka tukaona taa za Mtwara.

Nataka GPS ya kweli. Nichukue ya mkono au ya kufunga kwenye boti? Na ninyi mliumia wapi?

Babu Mikindani
Mwanangu, pole. Mimi niliumia kwenye kioo cha kugusa. Kijana wangu aliniletea kifaa kizuri sana, kioo kikubwa kama sahani. Siku ya upepo matone yakawa yanakibonyeza chenyewe: mara ramani imekuwa kubwa, mara imeruka. Vidole vyangu vina chumvi, havitambui. Chukua chenye vibonye, tena vikubwa, uvisikie gizani.

La pili, usiiamini ramani ya ndani kuliko macho yako. GPS chini ya anga wazi inakosea mita 3 mpaka 5 tu, lakini hiyo ni kujua wewe uko wapi. Mwamba uko wapi, inategemea aliyechora ramani alipima lini na kwa kifaa gani. Huko karibu na mdomo wa Ruvuma mafungu ya mchanga yanahama, ramani haihami.

Mimi ninavyofanya: nangoja bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida; yakipwa kabisa mwamba unatoka nje kama mgongo wa ng'ombe. Hapo nawasha kurekodi njia, napita mlangoni, pale mwamba ulipoacha nafasi, taratibu, injini karibu inazima. Njia ile naihifadhi na kuipa jina. Tangu hapo usiku narudi juu ya mstari wangu mwenyewe. Palipopitika maji yamekupwa, yakijaa utapita tu. Zamani tulikuwa tunalinganisha mbuyu na mnara wa msikiti, vikikaa mstari mmoja unaingia. Bado nafanya hivyo mchana, kwa starehe.

Binti wa Ghuba, Lindi
Shikamoo babu. Kaka Kolekole, mimi shida yangu haikuwa kifaa, ilikuwa tarakimu. Mvuvi mmoja alinipa mahali penye samaki aina ya changu wengi, ameandika kwenye karatasi ya sigara: 10 00 30. Yeye alimaanisha nyuzi, dakika na sekunde. Kifaa changu kilikuwa kinasoma dakika na desimali, nikaingiza dakika 0.30. Sekunde 30 ni nusu dakika, yaani 0.50. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, mita 1,852, kwa hiyo nilitega mita 370 kutoka mahali penyewe. Saa tatu nzima sijapata hata kitoweo cha paka. Nikamtukana yule mzee wa watu moyoni, Mungu anisamehe.

Halafu kuna siku niliweka N (kaskazini) badala ya S (kusini). Kifaa kikasema niko Ethiopia, na mimi naona gati ya Lindi kwa macho.

Basi ukipewa namba na mtu, kwanza muulize kifaa chake kimepangwaje. Na kama unachukua alama kwenye ramani za zamani za karatasi zenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali kwenye ramani za huku kwetu, badilisha kwanza, maana zinapishana na WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, kwa zaidi ya mita 200.

Mngoni wa Pwani
Sasa naishi Masasi ila boti niliianzia Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Kule kifaa changu cha bei kubwa kilionyesha ziwa lote buluu tupu, hakuna kina hata kimoja. Kabla ya kulipia, mwambie muuzaji akifungue na akisogeze ramani mpaka kwenye maji yako. Akikataa, ondoka.

Ila kiliniokoa siku kungu wametanda. Wadudu wale wanainuka ziwani kama moshi, hukuoni ufukweni, na upepo wa mwera umeanza kuvuma. Nilifuata mstari wa kurudi mpaka nikagusa mchanga, nimefunga mdomo njia nzima.

Fundi Waya
Mnasahau umeme. Wateja wangu wengi wanaoleta GPS ya kufunga wakisema mbovu, kifaa ni kizima. Ukipiga stata, volti za betri zinaanguka, kifaa kinazima na kuwaka upya. Kipe betri yake ndogo ya volti 12, weka fyuzi, viungo vya waya vipakwe grisi kabla chumvi haijavila. Ile sensa ya kupima kina ikikaa mahali penye mapovu ya propela, ukiongeza mwendo itakuonyesha upuuzi.

Kwa boti ya mita 5 ningeanza na ya mkono. Garmin eTrex 10 inatumia betri mbili za AA, zinapatikana duka lolote, na ni ya IPX7, yaani inavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Ramani yake ni ya kimaskini, lakini njia uliyorekodi utaiona.

Babu Mikindani
Na dira, fundi. GPS ya kawaida ukisimama haijui omo imeelekea wapi mpaka uanze kwenda. Gizani, injini imezima, hicho ndicho unachotaka kujua.

Kolekole wa Shangani
Shukrani zote kwa babu. Nimeamua ya mkono yenye vibonye, betri za akiba kwenye kopo la plastiki, na dira naifunga mbele ya usukani. Bamvua ijayo natoka asubuhi kurekodi mlango. Shemeji amekubali kuja, ila kanunua tochi yake.